Walipewa pesa, hawakupewa oda

Swali lenu la juma hili: «Tufanye nini ili wawekezaji wa kigeni waje kwenye majimbo yetu na vijana wapate kazi?» Huku Lubumbashi, mji wa shaba kusini mwa Kongo-Kinshasa, nusu ya kwanza ilishajibiwa zamani. Wamekuja. Simama kwenye barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, asubuhi utazame malori. Yanayotoka yamebeba shaba. Yanayoingia yamebeba asidi, chokaa, unga wa mahindi, mafuta ya kula, hata mbao za kupangia mizigo. Kongo ni ya pili duniani kwa shaba, nyuma ya Chile, na zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia hutoka katika ukanda huu wetu na wa Kolwezi. Kama kuita wawekezaji kungekuwa dawa ya ukosefu wa kazi, pale kwenye mitaa yetu ya Katuba na Kenya saa nne za asubuhi usingemkuta kijana ameketi mbele ya lango la kwao akingoja simu ilie.

Kwa hiyo ninajibu swali lililo jirani na hilo: mwekezaji akishafika, nani anamuuzia vitu?

Niondoe kwanza habari ya misamaha ya kodi, maana ndiyo wakubwa hupenda kutangaza. Sheria ya uwekezaji ya 2002 iliigawa nchi mafungu matatu: Kinshasa miaka 3 ya msamaha, Bas-Congo (leo Kongo Central) pamoja na miji ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi miaka 4, kwingine kote miaka 5. Migodi haimo, ina sheria yake. Aliyedhani mwaka mmoja wa ziada utamfanya mwenye kiwanda aipite Lubumbashi akajenge Kabongo, mbali huko kaskazini, hajafika Kabongo wakati wa mvua.

Turudi 2003. Wasomaji wa Likasi na Kolwezi wameshajua ninakoelekea: Départs Volontaires, yaani kuondoka kwa hiari, ingawa juu ya hiyo hiari mpaka leo watu wanabishana. Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, ilikuwa imeshuka chini ya tani 30,000. Mishahara ilikuwa imelala miezi na miezi. Julai 2002 nchi ilikuwa imepata sheria mpya ya madini, iliyoandikwa ili kampuni za nje zije, na Benki ya Dunia ilikuwa karibu na kazi hiyo. Benki hiyohiyo ndiyo ikatoa pesa za kupunguza wafanyakazi. Zaidi ya 10,000 wakatoka kati ya 2003 na 2004, wengi wakiwa na miaka 25 na zaidi ya kazi. Kila mmoja akapokea fungu moja la dola, basi. Mwaka 2009 baadhi yao walipeleka malalamiko kwenye Kamati ya Ukaguzi ya Benki ya Dunia, wakisema walicholipwa hakilingani na haki yao.

Ambaye hakukulia huku anaweza kuona hiyo ni hadithi ya kampuni moja kupunguza watu. Lakini kazi ya Union Minière, kampuni ya wakati wa ukoloni, na baadaye ya Gécamines iliyoirithi, haikuwa mshahara peke yake. Ilikuwa nyumba ya kambi, shule ya watoto, hospitali, na mposho wa kila mwezi, unga ukiwa wa kwanza. Wazee waliiita kampuni baba na mama. Siku baba alipotoa dola mkononi, familia ilikuwa na deni la duka, deni la karo, na paa linalovuja. Sehemu nzuri ya fungu ilikwisha kabla ya kufikiriwa.

Kilichobaki kilienda wapi? Fungua daftari la mtaa wowote wa wafanyakazi wa wakati ule, utakuta mambo yaleyale: minibasi ya mitumba, mashine ya kusagia mahindi, duka la jumla, shamba njiani. Minibasi zilinunuliwa nyingi kwa miezi michache, abiria wakabaki walewale, hesabu ya jioni ikapungua, kisha gearbox ikavunjika wakati akiba imekwisha. Mashine ya kusaga ilikufa kifo kingine. Mota yake ni ya fazi tatu. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la serikali, ukipoteza fazi moja, mota haizimiki. Inaendelea kuvuma kwa fazi mbili, inavuta ampea kupita kiasi, na kama hakuna rele, kifaa cha kuikinga kwa kukata umeme, koili zinaungua kabla mtu hajasikia harufu. Rele ilikuwa ndogo kwa bei kuliko kurudishia koili, lakini anayenunua mashine ya mitumba haulizi kilichokosekana kwenye sanduku. Na kwa delestaji ya hapa, yaani umeme wa mgao, fazi haikatiki mara moja kwa mwaka.

Lakini minibasi na mashine ni habari ndogo. Angalia ni akina nani walioondoka. Mafundi umeme wa viwandani, wachomeleaji, watu wa maabara waliojua kupima shaba kwenye sampuli, wasimamizi wa ghala, mafundi wa pampu za asidi. Waliondoka mwaka uleule ambao kampuni za nje zilianza kuingia zikitafuta mtu wa kutengeneza pampu ya asidi. Wangekusanywa kumi kumi, wakapewa karakana moja iliyokuwa imelala, na oda ya miaka 3 yenye sahihi ya mgodi, leo tungekuwa na kampuni mia kadhaa za wenyeji zinazojua kazi. Walipewa pesa, hawakupewa oda. Pampu zikapata mafundi kutoka Afrika Kusini na Zambia.

Ndiyo maana nilifurahi na Sheria namba 17/001 ya Februari 8, 2017, hiyo ya sutretansi. Inasema kazi ambazo kampuni kubwa inawapa wengine waifanyie ni za kampuni zenye mtaji wa Wakongomani, na mamlaka ya ARSP ikawekwa kusimamia. Ni sawa. Ila tazama njia ya mshonaji wa mtaa wa Kamalondo anayetaka kuuza ovaroli 500 kwa mgodi. Atahitaji RCCM (usajili wa biashara), namba ya kitambulisho cha taifa, namba ya kodi, cheti cha kutodaiwa kodi ambacho kina muda wake, karatasi za CNSS (hifadhi ya jamii), INPP (mafunzo ya kazi) na ONEM (ofisi ya ajira), kisha ARSP. Tuseme amevipata vyote. Ovaroli moja inakula karibu mita 3 za kitambaa, hivyo 500 ni mita 1,500, na mwenye kitambaa anataka pesa taslimu. Mgodi unalipa siku 60 au 90 baada ya faktire (ankara) kupokelewa, na siku hazianzi kuhesabiwa mpaka ghala liandike kwamba mzigo ni kamili. Saizi kumi zikikosewa, au utepe unaong'aa ukiwa wa aina isiyokubaliwa, faktire inalala. Mtu wa pembeni mwenye pesa anakuja: nipe jina lako, mimi nitaleta ovaroli zilizoshonwa nje, wewe chukua asilimia 5. Jina la kukodi linazaliwa hapo. Sheria imetimizwa, na hakuna cherehani iliyosogea.

Watu wataniambia: lakini kuna pesa za redevansi, ile ada ambayo mgodi unailipa serikali kwa madini unayouza. Tuhesabu. Mgodi umeuza shaba ya dola milioni 100. Kwa sheria ya madini iliyorekebishwa 2018 redevansi ya shaba ni asilimia 3.5, yaani milioni 3.5. Kinshasa inachukua nusu, 1,750,000. Jimbo robo, 875,000. Sekta au eneo la chifu asilimia 15, ni 525,000. Mfuko wa vizazi vijavyo 350,000. Ongeza asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya wenyeji, ni 300,000. Si haba, na tukitaka ugomvi kuna mengi ya kusema juu ya nani anatia sahihi kwenye akaunti za chifu. Lakini mgodi huohuo hutumia makumi ya mamilioni kununua vitu. Huko ndiko kazi zilipo. Tena tangu jimbo la Katanga ligawanywe kuwa majimbo manne mwaka 2015, redevansi ya Kolwezi, iliyo Lualaba, haigusi Kamina, iliyo Haut-Lomami. Oda ya mahindi ingeweza kugusa Kamina.

Tuchukue chokaa, maana ndiyo inayouma zaidi. Kiwanda cha shaba na kobalti kinayeyusha jiwe kwa asidi ya salfa. Asidi iliyobaki lazima iuawe, chuma kitolewe, maji machafu yatulizwe kabla ya kwenda bwawani. Anayeua ni chokaa, na inaliwa kwa malori. Jiwe lipo Kakontwe, karibu na Likasi, na limechimbwa tangu enzi za Union Minière. Hata hivyo chokaa nyingine inapanda kutoka upande wa Ndola, Zambia, na kupanga foleni mpakani.

Kwa nini? Si siri. Jiwe safi likichomwa linapoteza asilimia 44 ya uzito wake hewani, hivyo tani 100 zinakupa 56, na joto lazima lipite digrii 900 mpaka ndani ya moyo wa jiwe. Tanuru dogo lililojazwa mawe ya saizi mchanganyiko hutoa kubwa lenye moyo mbichi na dogo lililoungua kupita kiasi hata haliamki kwenye maji. Maabara ya mgodi inapima chokaa inayofanya kazi kweli, haipimi weupe wa unga. Halafu kuanzia Novemba mvua: gunia lililopasuka linakunywa unyevu na hewa, na baada ya majuma machache umebeba jiwe tena kwa bei ya lori. Moto nao wa nini? Makala ya miti yanamaliza msitu wetu, na makaa ya mawe ya Luena yana majivu mengi.

Hapa lazima nikiri kwamba nilipoanza kuandika nilitaka kusema msimwite mwekezaji mwingine hata mmoja. Sasa naona tanuru la wima lenye kipimo cha joto, silo na malori yaliyofungwa halitanunuliwa kwa michango ya washonaji na wastaafu. Basi aitwe. Aitwe yule wa tanuru, wa mipira ya chuma ya kusagia mawe, wa mifuko ya kobalti, hata kama kwa miaka 10 ya kwanza hisa zote ni zake. Ninajua nimetoka tu kusifu sheria inayosema kinyume. Niruhusuni.

Ila migodi isaini kwanza kununua, tani ngapi na kwa kipimo gani, kabla ya jiwe la msingi na picha ya gavana. Na malipo yawe siku 30. Na kuni zisiingie tanuruni. Mafundi wa 2003 waliojua kusoma rangi ya moto kwa jicho wengi wao sasa wamekaribia miaka 70 au wameipita, na kila mwaka tunawazika wachache. Anayetaka kijana wa Likasi afundishwe nao awatafute kabla ya msimu ujao wa mvua.