Barua kwa mwanangu: usiziache riwaya

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara mbili. Unasema mahojiano ya shahada ya uzamili yamekulemea: kati ya wachuuzi 24 wa Soko la Samaki la Feri umeshazungumza na 9, rekodi zimerundikana, na kila ukifungua riwaya unajiona kama unaiba muda. Ukaniuliza, "Mama, niziache mpaka nikabidhi tasnifu?"

Usiziache.

Unajua kwamba miaka ya 1980, kabla hujazaliwa, nilikuwa nachapa kanda za watafiti. Visikilizio masikioni, mguu kwenye pedali ya kurudishia kanda, mikono kwenye taipureta. Kanda ya saa moja ilinimalizia siku nzima. Katika moja, mama mmoja aliulizwa alianzaje biashara, akajibu, "Ndiyo hivyo tu, mwanangu." Kimya. Halafu nikasikia anavuta pumzi, ile pumzi ya mtu anayetaka kuanza kisa, na mhoji akarukia swali linalofuata. Nilirudisha kanda mara tatu, nne, nikidhani kuna neno limenipita. Hapakuwa na neno. Kuanzia hapo yule mama alijibu ndiyo na hapana mpaka kanda ikaisha. Kisa chake sitakijua, na bado kinaniuma.

Msomaji wa riwaya amezoea kungoja. Hategemei mtu ammwagie yote ukurasa wa kwanza. Subira hiyo huipati kwenye makala za nadharia anazokupa msimamizi wako, hata ziwe nzuri vipi. Ila sitaki usome riwaya ili uwe mhoji hodari. Ukianza hivyo utaishika na kalamu mkononi, nayo itageuka kazi kama zile nyingine. Soma kwa kuwa unapenda. Wewe ndiye uliyekuwa ukisomea koroboi umeme ukikatika, mpaka nakunyang'anya kitabu ulale.

Mimi nililipia kosa la kuziacha riwaya. Kazi ilipozidi nilijiambia wajibu kwanza, nikaacha kupita Maktaba Kuu, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere mwaka 1967 pale Barabara ya Bibi Titi, ambako kila Ijumaa nilikuwa naazima kitabu. Nilikaa karibu miaka miwili bila kusoma. Kanda hazikupungua hata moja. Jioni nilirudi nyumbani kichwa kimejaa sauti za watu nisiowajua, sina pa kuzitua.

Zipo saa ambazo riwaya haina nafasi, na hapo uwe mkali. Usiku wa siku ya mahojiano, kabla ya kitu kingine chochote, andika uliyoyaona: alikaa wapi, nani alipita akanyamaza, alicheka kwenye swali gani. Kinasa sauti hakioni hayo, na ukilala yanafutika. Mahojiano mawili kwa siku yanatosha. Ukifika la tatu unatazama saa, nao wanaona. Na ukiwa pale Feri unamsubiri mtu amalize wateja, kitabu kibaki mkobani. Mtazame anavyopanga vibua mafungu na kuvinyunyizia maji, anavyomwongezea samaki mmoja mteja wa siku zote bila kuombwa. Huo ni utafiti, mwanangu.

Kitabu kitoe kwenye basi la mwendokasi, mchana ukirudi kutoka Kivukoni na umepata kiti. Asubuhi usijidanganye, mnasimama mmebanana. Halafu nusu saa kabla ya kulala, simu ukiwa umeizima. Rekodi zinukuu kidogo kidogo kila siku, ukianza na ya karibuni, ambayo bado unaikumbuka. Na hizo rekodi usinisikilizishe, hata tukiwa wawili tu sebuleni. Ridhaa walikupa wewe.

Ile riwaya uliyoiacha hapa mwezi wa tano ipo kwenye kabati la vyombo, mbali na mchwa. Ndani kuna risiti ya duka uliyoweka kama alama, haijafika hata katikati. Sijaigusa. Njoo Jumamosi uichukue, nitakuwa nimepika samaki wa nazi.

Mama yako