Dada aliponibeza, mimi ndiye niliyekuwa namlipa

Jumapili jioni tulikuwa uani kwa dada yangu, Mbagala, tunachambua dagaa. Akasimamisha mkono, akaniambia: "Pole, mdogo wangu. Najua bado inakuuma." Maneno hayo nimeyasubiri tangu Julai 2021.

Soko la Kariakoo lilipoungua usiku wa tarehe 10, meza yangu ya viungo ilikuwa humo. Iliki, mdalasini, binzari, vyote majivu, na mkopo wa vikoba bado mbichi. Nilikwenda kwa dada nikilia. "Wenzako wamepoteza mamilioni, wewe laki nane unajiliza? Acha kudeka." Nikafuta machozi, nikaingia jikoni kumsongea ugali.

Ikawa ndiyo desturi. Nikisema nimechoka, najiendekeza. Nikisema silali, mbona yeye halalamiki. Nami nanyamaza, kesho yake namnunulia luku ili yaishe.

Mshauri mmoja wa afya ya akili aliniuliza swali ambalo sijalisahau: "Akikubeza, anapata nini?" Anapata kimya changu. Anapata umeme. Mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alilionyesha hili kwa panya na njiwa: kitendo kinacholipa hurudiwa. Tena panya aliyezoea kulipwa kwa kubahatisha, chakula kikikatwa, hung'ang'ania muda mrefu kuliko yule aliyelipwa kila mara. Na mimi siku moja nilifoka, siku nne nikalipa.

Nikabadilika. Akinibeza, nasema, "Dada, hilo linaniuma, tutaongea kesho," nakata simu. Sinuni, situkani, na luku siku hiyo hakuna. Akinisikiliza hata dakika mbili, namshukuru palepale na nakaa naye zaidi.

Mwezi wa kwanza ulikuwa moto. Alinisema kwa shangazi, akanipigia mara sita kwa siku. Ndivyo ilivyo: tabia ikinyimwa malipo huweza kupanda kwanza kabla ya kufifia. Ukilegea hapo umemfundisha apige kelele zaidi, kwa hiyo usilegee! (Anayekupiga ni habari nyingine. Huyo usimfundishe, ondoka.)

Na wewe unayesoma, acha kuomba ruhusa ya kuumia. Marsha Linehan, mwanasaikolojia mwingine wa Marekani, ameeleza kwamba mtoto anayekanushiwa hisia zake kila siku hukua bila kuziamini. Mimi nilikua hivyo, na ninaandika haya nikiwa bado na kinyongo kidogo. Kila usiku nilikaa kitandani nikajiambia kwa sauti: "Nimepoteza meza yangu, nina haki ya kulia." Sema lako kwa sauti, ulisikie mwenyewe kwanza.

Jumapili ile sikuwahi daladala ya saa kumi na mbili kama kawaida yangu. Nilibaki mpaka sinia likaisha, nikamwambia, "Asante dada, leo umenisikia." Hakujibu. Alifunga dagaa nusu kwenye mfuko, akaniwekea kwenye pochi yangu, akasema Jumapili ijayo kuna mihogo.