Bei zimebadilika jioni, tovuti bado inasoma za wiki jana

SWALI: Tuna duka la vifaa vya ujenzi Mwanza. Programu yetu ya hesabu hutoa faili la XML kila jioni, lenye bidhaa, bei na idadi iliyobaki stoo. Kijana wa tovuti hulifungua, kisha anarekebisha kurasa kwa mkono, moja baada ya nyingine. Wateja wanakuja na bei za zamani kwenye simu, tunabishana kaunta. Hilo faili haliwezi kugeuzwa kurasa bila mtu kuligusa?

JIBU: Linaweza, ndugu yangu, na sehemu ngumu mnayo tayari. XML haijali rangi wala mpangilio. Inachosema ni kwamba hii ni bidhaa na hii ni bei yake, basi. Mnachokosa ni kiolezo, na lugha ya kukiandikia, XSLT, ipo tangu 1999. Kiolezo huiambia kompyuta: kila ukikuta bidhaa, toa mstari mmoja wa jedwali, jina huku, bei kule. Kikishaandikwa, bidhaa ziwe 40 au 4,000, hakuna cha kugusa.

Msiiachie simu ya mteja kazi hiyo ya kugeuza. Vivinjari viliweza miaka mingi, lakini mwaka 2025 Google walitangaza mpango wa kuiondoa XSLT ndani ya Chrome. Fanyeni kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti yenu. Wala si kila mteja anapofungua ukurasa, maana bei zenu hubadilika mara moja kwa siku. Pangeni kazi ya cron (kipanga ratiba cha seva) iendeshe xsltproc, programu ya kutekeleza kiolezo cha XSLT, usiku, itoe kurasa za kawaida za HTML, lugha ya kurasa za tovuti. Ziandikwe kwanza kwa jina la muda, zikikamilika ndipo zibadilishwe jina. Ikitokea faili ni bovu, kurasa za jana zinabaki hewani.

Na litakuja siku moja likiwa bovu. Msambazaji akiitwa "Juma & Wanawe", alama hiyo ya & ikiingia ilivyo, faili zima linakataliwa, kwa sababu kisoma-XML kinatakiwa kusimama kikikuta kosa la namna hiyo. Inapaswa kuandikwa &. Mwambieni aliyewauzia programu arekebishe huko inakotoka. Kulipiga faili viraka kila jioni ni kazi isiyoisha.

Bei nayo ikae kama namba tupu, 24500, si "24,500/=". Mkato utawekwa na amri ya format-number ndani ya kiolezo. Mkitaka kupanga kwa bei, andikeni data-type="number" kwenye xsl:sort, amri ya kupanga, la sivyo zinalinganishwa kama maneno, na nondo ya 24500 inatangulia kopo la rangi la 9000.

Kijana akinakili mfano mtandaoni wenye for-each-group, amri ya kugawa bidhaa katika makundi, na ukagoma, asijilaumu. Hiyo ni ya XSLT 2.0, toleo jipya zaidi. Xsltproc, pamoja na XSLTProcessor ya PHP (lugha ya kuandikia programu za tovuti), zinaishia 1.0. Atumie Saxon, programu nyingine inayoielewa 2.0, au atoe kila kundi la bidhaa kwa ukurasa wake.

Halafu lifungueni faili lenyewe mlitazame. Programu nyingi za hesabu hutoa na bei ya kununulia. Lisikae kwenye folda ambayo tovuti inaionyesha kwa umma: anayejua anwani yake atalipakua, na duka la jirani litajua mnapata faida kiasi gani kwa kila mfuko wa saruji.