Usanifu wa miundo au saiti ya barabara?

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Nilihitimu shahada ya uhandisi ujenzi mwaka jana, na tangu nikiwa chuoni moyo wangu uko kwenye usanifu wa miundo ya majengo. Sasa nimepata nafasi mbili: ofisi ya wahandisi washauri jijini Dar es Salaam inanitaka nichore nondo kwenye kompyuta, na mkandarasi wa barabara mkoani Katavi ananihitaji saiti. Nahofia kwamba nikienda kwenye barabara nitaisahau miundo. Nishauri. (Mhitimu, Mbeya)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nenda Katavi, ila kwa sharti moja nitakalolieleza hapa chini.

Barabara haitakutenga na miundo, kwa kuwa kila mto na kila korongo inalokatiza hudai daraja au kalavati, na hapo ndipo utakapolijua zege lenyewe. Utajaza koni ya kupimia ulaini wake, yenye kimo cha milimita 300, kwa matabaka matatu, ukishindilia kila tabaka mara 25, kisha utainyanyua taratibu uone zege linavyoshuka. Jua likiwa kali na kazi ikiwa haijaisha, na mafundi wanajua kwamba zege halilali, utamwona mmoja akiinua ndoo ili aongeze maji lilainike. Hapo ndipo utakapotakiwa kusema hapana, maana maji hayo hulipunguzia nguvu, na vipande vya sampuli ya zege hilo vitakavyovunjwa maabara baada ya siku 28 vitakueleza hivyo wakati ukuta wa kalavati umekwisha kusimama.

Mimi nilianzia ofisini. Mchoro wangu wa kwanza kujengwa ulikuwa na kiungo cha nguzo na boriti ambacho hesabu zake zote zilikuwa sahihi, lakini nondo za milimita 25 zilibanana kiasi kwamba kokoto hazikupita katikati yake, na mbao zilipofunguliwa tulikuta mashimo yanayoingia ngumi. Fundi nondo alikuwa ameniuliza mapema, "Mhandisi, zege litapita wapi?" Sikuwa na jibu, na swali hilo nimelibeba katika kila mchoro niliouchora baadaye.

Sasa sharti. Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997 hairuhusu ufanye kazi hii bila kusajiliwa, hivyo jisajili mapema kwenye Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu. Ili upande kuwa mhandisi mtaalamu utahitaji mafunzo ya vitendo chini ya mhandisi aliyesajiliwa, na kwa ajili hiyo Bodi inaendesha tangu mwaka 2003 mpango wa miaka mitatu unaofahamika kwa kifupi kama SEAP. Wahitimu wengi huumia hapa: hufanya kazi kwa bidii miaka mingi bila mtu wa kuwasimamia wala daftari la kazi lililotiwa saini, na mwishowe hawana cha kuionyesha Bodi.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini mkataba, muulize mkandarasi jina la mhandisi mtaalamu atakayekusimamia, kisha hakiki usajili wake kwenye Bodi. Akishindwa kukutajia, chukua nafasi ya Dar es Salaam, lakini uombe iandikwe kwenye mkataba wako kwamba utapelekwa saiti kila muundo uliouchora unapomwagwa zege.