Maswali ya darini: sufi, mbao na mizigo

Maswali ya safari hii karibu yote yametoka juu ya dari, mahali tunakopanda mara mbili kwa mwaka tukashuka na utando wa buibui kichwani. Wengi wenu mnataka jambo lilelile: kuzuia joto au baridi, na papo hapo mpate stoo.

Swali: Nimelaza sufi ya kioo (blanketi la nyuzi za kioo la kuzuia joto) kati ya boriti za dari. Imezidi kimo cha boriti. Naweza kufunga mbao juu yake hivyohivyo?

Hapana. Hili ndilo kosa ninalokutana nalo kuliko yote, na hata mafundi wazuri hulifanya. Kinachozuia joto si zile nyuzi bali hewa iliyonaswa kati yake. Fikiria mto wa sufi uliolaliwa miaka kumi: sufi imo yote, ulaini haumo. Ukichukua sufi ya milimita 270, unene unaopendekezwa mara nyingi katika nchi za baridi, ukaibana iingie kwenye boriti za milimita 100, hewa imekutoka na sehemu kubwa ya pesa yako imeondoka nayo.

Dawa ni kuinua sakafu. Jaza tabaka la kwanza kati ya boriti mpaka lilingane nazo. La pili lilaze likikatiza boriti, ili zenyewe zifunikwe, maana mbao hupitisha joto kuliko sufi. Sakafu isimame juu ya viguu vya kiwandani vinavyofungwa kwenye boriti, au juu ya mbao nyingine zilizolazwa kukatiza zile za chini. Acha kama milimita 50 kati ya sufi na sakafu ili hewa ipite. Ndiyo, utapoteza kimo na utatembea umeinama zaidi. Mimi huwashauri watu wainue sehemu ya katikati tu, pale paa lilipo juu, na pembeni waiache sufi wazi. Hata hivyo huko pembeni hakuna anayeweza kutambaa bila kugonga kichwa.

Swali: Dari itabeba uzito kiasi gani?

Mdogo kuliko unavyodhani. Boriti za dari ziliwekwa zishike dari, hazikuwekwa zibebe watu na makabati. Kwa nyumba nyingi hesabu ya kilo 25 kwa kila mita ya mraba ndiyo hutumika kwa mizigo myepesi, na sanduku moja la vitabu laweza kufika kilo 20. Masweta, masanduku matupu ya safari na mapambo ya sikukuu, sawa. Maktaba ya marehemu babu, hapana.

Kama paa lako lina kenchi za kiwandani, zile za mbao nyembamba zilizounganishwa kwa vibati vya meno, usikate wala kutoboa ubao wowote, hata ule unaokuzibia njia. Kila ubao pale unavutana na mwenzake. Ukitaka kubeba zaidi, au kugeuza pale kuwa chumba, mwite mhandisi wa majengo kabla hujamwita seremala.

Swali: Mvua haijanyesha wiki tatu, lakini maboksi yangu ya darini yamelowa. Paa linavuja?

Huenda halivuji. Ukishaweka sufi, darini hupoa zaidi, kwa sababu joto linabaki chini. Mvuke wa jikoni na bafuni ukipenya kwenye nyufa za dari hukutana na paa la baridi, hugeuka matone na kudondoka. Angalia mambo matatu. Je, sufi imeziba matundu ya hewa kwenye ukingo wa paa? Ivute nyuma. Je, bomba la feni ya bafuni linaishia darini badala ya kutoka nje? Limalizie nje. Na kile kifuniko cha kupandia kinafunga vizuri? Kipige mpira pembeni na ukigandishie kipande cha sufi ngumu mgongoni, kwani tundu lile moja laweza kuharibu kazi ya chumba kizima.

Swali: Ninakoishi ni joto mwaka mzima na paa ni bati. Sufi ya nini?

Sufi haijui baridi wala joto, inachelewesha tu. Ila kwako adui mkubwa ni mnururisho, yaani joto linalorushwa kama miali, wa bati lililochomwa na jua. Karatasi ya foili ikitandazwa chini ya bati, uso unaong'aa ukitazama chini na nafasi ya hewa mbele yake, inasaidia sana. Ukiilaza juu ya dari itajaa vumbi na kufifia. Ukiibana kati ya vitu viwili bila nafasi, umenunua urembo.

Swali: Chipubodi au plaiwudi? Misumari au skrubu?

Vyote viwili vinafaa. Chipubodi ya milimita 18 hutosha boriti zikiachana kama milimita 400, zikifika 600 nenda 22. Pima kwanza tundu la kupandia, maana mbao isiyopita haina kazi. Tumia skrubu. Nyundo hutikisa dari na kupasua plasta chini, tena siku fundi umeme akihitaji waya utaishukuru skrubu.

Swali: Na nyaya?

Waya uliofunikwa na sufi hupumua kwa shida na hupata joto, kwa hiyo uupandishe juu ya sufi inapowezekana. Taa zilizozamishwa kwenye dari ziwekewe vifuniko maalumu visivyoshika moto. Usiruhusu povu la polistireni liguse waya wenye ganda la PVC, kwa kuwa ganda hilo hukauka na kuvunjika. Vaa barakoa, glavu na mikono mirefu, na kanyaga boriti tu. Jipsamu haina huruma.

Swali: Nini nisipandishe kabisa?

Mishumaa, picha za zamani, rangi, mitungi ya gesi, betri, hati za nyumba. Godoro pia, kwa sababu panya wanalipenda.