Re: Miti ipo, sasa mbona hewa ukaa inazidi kupanda?

Mkuu umeuliza kama miti inavuta hewa ukaa (CO2, ile gesi inayoongeza joto la dunia) kwa nini bado inaongezeka, na sisi watu wa kawaida tufanye nini. Miti inavuta kweli, na bahari nayo inameza karibu robo ya tunayotoa, ila tunachoma makaa ya mawe, dizeli na gesi kwa spidi ambayo haviwezi kuifuata. Pale kwenye kituo cha mlima Mauna Loa, Hawaii, wanasayansi walianza kuipima hewa ukaa 1958 ikiwa kama chembe 315 kwa kila chembe milioni za hewa, saivi imepita 420, na kabla ya viwanda ilikuwa kama 280 tu. Hiyo inayoingia baharini inafanya maji yawe na asidi zaidi, matumbawe yanapata shida kujijenga, halafu joto nalo linayapausha, na samaki wengi wa pwani yetu wanategemea hapo hapo, hii inaniumiza sana.

Sasa kupunguza. Wachafuzi wakubwa ni nchi tajiri na China, wao ndo wabanwe kwanza, hilo silifichi. Ila kwetu mkaa unamaliza misitu, na tanuri la kienyeji linapoteza sehemu kubwa ya nguvu ya kuni kabla mkaa haujafika hata sokoni. Kama una umeme jaribu jiko la presha la umeme, maharage yanaiva kwa yuniti chache kuliko watu wanavyodhani. Hauna, basi jiko banifu, lile linalotumia mkaa au kuni kidogo. Na Kenya umeme wao mwingi ni wa jotoardhi (mvuke wa moto kutoka chini ya ardhi) ya Olkaria, maji na upepo, kwa hiyo inawezekana kabisa.