Kufuli lililonifunza namna ya kumtoa mpangaji

Mpangaji wa kwanza kunishinda alikuwa na malimbikizo ya miezi minne. Nilivumilia wee, mpaka jioni moja hasira zikanipanda, nikaenda kutia kufuli langu juu ya lake. Nilijiona mjanja. Kumbe ndani kulikuwa na dawa za mtoto. Mimi niliyekuwa nadai nikageuka mshtakiwa, na deni likawa halizungumzwi tena.

Nyumba ni yako, lakini maadamu kuna mtu anaishi humo, mlango si wako. Katika nchi nyingi sheria hairuhusu kubadili kitasa, kukata maji au umeme, wala kutoa vyombo nje bila amri ya mahakama, deni liwe kubwa namna gani.

Siku hizi kodi ikichelewa siku tano tu, nabisha hodi. Siendi kufoka, naenda kuuliza kuna nini. Wengi husema kweli ukiwawahi. Tukikubaliana alipe kidogo kidogo, tunaandika tarehe na kiasi, tunatia saini wote wawili. Akivunja, notisi ya kumtaka ahame inafuata. Iwe ya maandishi, na muda wake usipungue ule wa mkataba wala wa sheria. Naipeleka mwenyewe nikiwa na shahidi, mpangaji anasaini nakala yangu. Akikataa, shahidi anaandika kwamba amekataa, basi.

Hapa ndipo tunapoteleza wengi: notisi imeshatoka, mpangaji anakuja na kodi ya mwezi mmoja, nawe unapokea mbio mbio. Mbele ya hakimu unaweza kuambiwa umeifuta notisi kwa mkono wako mwenyewe. Kabla hujapokea, muulize wakili. Kuna mahali inatosha kuandika kwenye risiti kwamba hilo ni deni la nyuma na notisi inaendelea, kwingine haitoshi.

Wenye nyumba wenzangu hunicheka kwa hili: kuna mmoja nilimsamehe deni lote, nikamlipia na gari la kuhamishia vyombo, kwa sharti ahame Jumamosi ile. Iliniuma, nisiseme uongo. Lakini kesi ingekula miezi, na miezi yote hiyo nyumba isingeniingizia kitu. Jumamosi saa nne asubuhi tukazunguka vyumba pamoja, tukapiga picha kuta, tukasoma mita, akanikabidhi funguo mbili. Ufunguo wa tatu aliuleta Jumatatu, mwenyewe, bila kuitwa.